Wauzaji watatu wa dawa za kuoshea magari: nimchague yupi?

SWALI

Habarini wadau. Nimefungua kituo cha kuosha magari, huu ni mwezi wa tano. Nina vijana wanne, mashine mbili za presha, na maji ya kisima kirefu. Siku nzuri tunaosha magari thelathini, siku ya mvua hata matano hayafiki. Hadi sasa sabuni nanunua popote, dumu likiisha namtuma kijana, na kila dumu linakuja na tabia yake. Wiki hii povu linasimama juu ya boneti kama pamba, wiki ijayo linateremka kabla kijana hajashika sponji.

Nataka nitulie kwa muuzaji mmoja. Waliokuja ni watatu.

Wa kwanza ana bei ya chini kuliko wote. Sabuni yake nzito, ukichovya kijiti inavutika. Dumu halina lebo, ameandika tu "SHAMPUU" kwa kalamu ya wino. Anasema kopo moja kwa makopo kumi ya maji.

Wa pili ni kampuni. Dumu lao lina bei karibu mara nne ya huyo wa kwanza, na wanasema kopo moja kwa makopo sitini. Watanifungia mashine ya povu bure, ila nisaini mkataba wa miaka miwili wa kununua kwao tu.

Wa tatu anachanganya mwenyewe. Mstaarabu, simu anapokea, anakubali kulipwa mwisho wa mwezi. Ana dawa ya rimu ambayo nimeiona kwa macho yangu: alinyunyiza kwenye rimu iliyokuwa nyeusi kwa vumbi la breki, akahesabu mpaka kumi, akamwaga maji, rimu ikang'aa. Nilipomuuliza ina nini akacheka, akasema ni siri ya jikoni. Ameniachia lita moja nijaribu.

Halafu kuna jambo linaloninyima usingizi. Magari meusi yanarudi. Mteja anaondoka ameridhika, kesho yake ananitumia picha ya boneti yenye madoadoa meupe ya duara. Vijana wanasema ni sabuni. Kama ni sabuni, ni ipi? Na hawa watu watatu niwaulize nini? Mimi ni mwanamke, nikianza kuuliza kuhusu kemikali wananijibu kwa mkato kama vile hainihusu. Nataka niende nikiwa najua ninachouliza.

JIBU LA 1

Dada, pole na hongera kwa kuanza. Ushauri wangu ni mfupi: chukua wa kwanza. Sabuni ni sabuni, kinachoondoa uchafu ni presha ya maji na mikono ya vijana. Angalia uzito na povu. Ikiwa nzito na ina povu jingi, nunua. Kampuni inakuuzia lebo. Madoa mwambie kijana afute vizuri.

JIBU LA 2

Dada yangu, naomba nipingane na ndugu hapo juu kwa heshima zote, maana alichosema ndicho nilichoamini miaka yangu mitatu ya kwanza katika kazi hii. Sasa nina kumi na saba.

Nianze na hiyo lita moja ya dawa ya rimu. Ifungie mahali vijana hawafiki, leo hii, na asiiguse mtu mpaka aliyekuletea akueleze kwa maandishi ina nini.

Mimi nilinunua inayofanana nayo kabisa. Maji maangavu, dumu halina lebo, rimu inang'aa ndani ya sekunde kumi. Kijana wangu hodari kuliko wote aliitumia mchana kutwa kwa kitambaa, mikono mitupu. Haikumwasha. Ngozi haikuwa hata nyekundu. Saa tano usiku akanipigia simu analia, mtu mzima. Vidole viwili vilikuwa vinapwita chini ya kucha kana kwamba vimebanwa na mlango na mlango haufunguki. Hospitali daktari aliuliza swali moja: "Hiyo dawa ina nini ndani?" Nikampigia muuzaji. Alinijibu kwamba hawezi kutaja siri ya biashara yake kwenye simu. Kijana yuko kitandani ananisikiliza.

Daktari aliposikia ni dawa ya rimu, na kwamba maumivu yamekuja saa nyingi baadaye, akashuku tindikali ya floridi. Hiyo haina tabia ya tindikali nyingine. Ikiwa imezimuliwa, inapenya ngozi kimyakimya, ikifika ndani inakamata kalisiamu ya mwili, na maumivu yanaweza kuchelewa hata siku nzima. Alimpaka jeli ya kalisiamu glukoneti, akarudia, akarudia tena, mpaka kulipokaribia kupambazuka. Kijana alipona, kucha moja ikatoka. Siku mbili baadaye mwenye gari la mwisho aliloosha akaja kunionyesha kioo cha mlango: upande wa chini kina ukungu, unasugua hautoki. Tindikali hiyo inakula kioo. Kioo kile hakikuhitaji kufutwa, kilihitaji kubadilishwa, na nilikilipa mimi.

Tangu hapo swali langu la kwanza kwa muuzaji yeyote si bei. Ni hili: nipe karatasi ya usalama ya dawa hii. Ile inayofuata utaratibu wa Umoja wa Mataifa ina sehemu 16. Usiogope urefu wake, wewe anza na hizi. Sehemu ya 3 inataja vilivyomo. Kwenye dawa ya rimu ukikuta floridi au bifloridi, mrudishie. Ya 4 ni huduma ya kwanza. Ya 8 inasema glavu za aina gani na kama miwani inahitajika. Ya 9 ina pH, yaani namba inayoonyesha ukali wa tindikali au wa soda. Chapisha, bandika ukutani stoo, na nakala nyingine iwe mahali ambapo kijana anaweza kuinyakua na kukimbia nayo hospitali. Muuzaji anayesema "nitakuletea" na wiki ya tatu hajaleta, mimi namhesabu kuwa amekwisha kujibu.

Hiyo pH nayo ina maana yake. 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni soda. Shampuu ya kawaida ya kuosha kila siku inafaa iwe kati ya 6 na 8. Dawa ya kulainisha matope na grisi kabla ya kuosha inaweza kufika 11 hadi 13, na si kosa, ndiyo kazi yake, ila haikai juu ya gari hadi ikauke na haipigwi juani. Kumbuka kila hatua moja ni mara kumi: dawa ya 12 haijaizidi ya 11 kidogo, ina ukali mara kumi. Nunua vikaratasi vya kupimia pH, ni vitu vya bei ndogo, na uwapime hao watatu mbele yao. Lakini usidhani kikaratasi kitakuambia yote. Floridi haionekani kwenye kikaratasi, inaonekana kwenye maandishi ya mtu mkweli.

Kipimo kingine ninachofanya kwa dawa kali: tafuta kipande cha alumini, mapambo ya gari lililokufa yanatosha. Changanya dawa kwa kiwango walichosema, tumbukiza, subiri. Ukiona viputo vinapanda kutoka kwenye chuma chenyewe, dawa inakila. Alumini haivumilii tindikali kali wala soda kali, zote mbili.

Sasa bei. Usilinganishe madumu, linganisha magari. Dumu la lita 20 la muuzaji wa kwanza, moja kwa kumi, linakupa lita 220 za mchanganyiko. La kampuni, moja kwa sitini, lita 1,220. Kama gari moja linakula lita 2, la kwanza linaosha magari 110 na la pili 610. Ni mara tano na nusu. Wewe unasema bei yao ni karibu mara nne. Kwa hiyo dumu lililokutisha ndilo rahisi, kama hiyo moja kwa sitini ni kweli. Kampuni nyingine zinaandika uwiano unaopendeza kwenye karatasi na gari halitakati mpaka ufike ishirini. Usisaini chochote kabla ya kuosha magari hamsini kwa kiwango hicho hicho, na umpe kijana kikombe chenye alama. Asipopima, hesabu yote hii haina kazi, kwa sababu mkono wa mtu aliyechoka saa kumi jioni unamimina mara mbili ya mkono wa asubuhi.

Na madoa yako meupe. Kabla hujamlaumu muuzaji yeyote, chukua kioo kisafi, mwagia maji ya kisima chako peke yake, bila tone la sabuni, kiache kikauke juani. Ukiona duara zile zile, umepata jibu. Ni madini ya maji, kalisiamu na magnesiamu, yanabaki maji yakipaa. Hakuna sabuni itakayoyaondoa kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia.

JIBU LA 3

Nimefanya kazi ya kuchanganya sabuni za viwandani miaka tisa, kwa hiyo niongeze ya upande wetu wa ndani.

Uzito wa sabuni, yaani kule kuvutika kwake, si kipimo. Shampuu nyingi hutengenezwa kwa kemikali za kuoshea za kundi la salfeti, na hizo tunazizidishia uzito kwa chumvi, ile ile ya kawaida. Unamimina kidogo, unakoroga, sabuni iliyokuwa kama maji inakuwa kama asali mbele ya macho yako. Kilichoongezeka ni chumvi, nguvu ya kuosha iko pale pale. Ukizidisha inageuka na kuwa nyepesi tena, na pengine ndiyo sababu dumu moja linavutika na la wiki ijayo linamwagika: mtu anakadiria kwa jicho. Povu nalo tunaweza kukuongezea bila kuongeza usafi hata chembe. Povu zuri linasaidia sponji iteleze na dawa ikae kwenye ubavu wa gari, hapo linastahili sifa, ila mwenye macho ya povu tu tunamuuzia povu.

Jambo la kumbana nalo muuzaji ni namba ya bechi, yaani ya mchanganyiko mmoja uliotengenezwa kwa pamoja, na tarehe ya kutengenezwa. Mtu mwenye namba ya bechi ana daftari, na mwenye daftari anaweza kukuambia bechi iliyokuharibia ilikuwa na nini. Asiye na namba anakuuzia alichokipata wiki hiyo.

Wewe mwenyewe unaweza kumchunguza kwa mizani. Chukua chombo cha lita moja, kile kile kila siku, jaza mpaka alama, pima uzito, andika. Dumu jipya likija, pima tena. Mizani haikuambii sabuni ni nzuri au mbaya, inakuambia kama ni ile ile. Weka pia chupa moja angavu ya kila bechi kwenye rafu, isisumbuliwe mwezi mzima. Ikijitenga, juu maji chini uji, achana nayo.

Mwulize kila mmoja kama dawa zake zinapatana. Nta ya kumalizia mara nyingi ina chaji ya umeme inayopingana na ya shampuu. Shampuu isiposuuzwa vizuri, zinakutana mwilini mwa gari, zinashikana, zinaacha michirizi ya mafuta kwenye vioo. Jaribu kwenye glasi: shampuu iliyozimuliwa, kisha tone la nta. Ikigeuka maziwa, umeuona ugomvi wao. Haimaanishi ni mbovu, inamaanisha lazima kusuuza katikati.

Na mtaro wako, dada, hukuutaja. Kama una shimo la kutenganisha mafuta, fanya hivi: chupa, maji, sabuni kwa kiwango cha kuoshea, kijiko cha oili chafu ya injini. Tikisa, weka chini. Sabuni inayofaa inaiachia oili ipande juu tena bila kuchelewa. Inayobaki maziwa mpaka kesho yake inapita na oili yako yote shimoni, inaenda zake nje, na siku wakaguzi wakija watakuta shimo zuri lisilofanya kazi. Ukiwa huko uliza kama kuna kemikali ya kuoshea iitwayo nonilifenoli ethoksileti. Umoja wa Ulaya uliiwekea kikomo cha asilimia 0.1 kwenye bidhaa za usafi kwa sheria ya mwaka 2003, kwa sababu inapovunjika majini inaacha mabaki yanayowasumbua samaki. Sisi tuliitumia miaka mingi kwa kuwa ni rahisi na inakata grisi. Nikikumbuka ilikokuwa ikienda najisikia vibaya.

MULIZAJI

Wakubwa, nimekaa wiki mbili bila kuandika kwa sababu nilikuwa napima. Asanteni, na nimesoma maandishi yenu kwa sauti mbele ya vijana wangu.

Kioo: madoa yametokea kwa maji matupu. Vijana walinyamaza. Niliwaomba radhi wauzaji wote watatu kimoyomoyo. Sasa tunaosha magari meusi kivulini, boneti ikiwa imepoa, na tunafuta upande mmoja kabla ya kulowesha mwingine. Picha za malalamiko zimepungua kutoka tatu au nne kwa wiki hadi moja. Kichujio cha kulainisha maji nimekianzia akiba.

Mizani: madumu mawili ya muuzaji wa kwanza. Lita moja ya hili gramu 1,012, ya lile 1,041. Ya kampuni, madumu mawili ya bechi tofauti, zilipishana gramu 2. Nilirudia mara tatu nikidhani nakosea.

Magari: kwa moja kwa sitini sabuni ya kampuni haikutosha kwenye magari ya matope. Kwa arobaini inatakata vizuri kabisa. Hiyo ni lita 820, magari 410 kwa dumu. Kijana anayepima anaitwa sasa "bwana kikombe".

Chupa ya oili: ya kwanza bado maziwa, leo siku ya tatu. Ya kampuni oili ilikuwa juu kabla sijamaliza chai yangu.

Nimebaki na mkataba. Miaka miwili inaniogopesha. Kaka wa jibu la 2, wewe ungesaini?

JIBU LA 2

Kwa magari 410 dhidi ya 110, na bei mara nne, umekuta vinakaribiana sana, kwa hiyo usiende kwao kama mtu anayeomba. Kinachowapa ushindi ni ile mizani na ile oili.

Nisingesaini miaka miwili. Ningeomba miezi mitatu ya majaribio kwa maandishi, kisha mwaka. Uliza mashine ya "bure" ikiharibika nani anatengeneza na kwa siku ngapi, maana Jumamosi asubuhi mashine imekufa na fundi wao yuko mbali, wewe ndiye unayewatazama wateja. Uliza kama pua ya kupimia inakubali dawa ya mtu mwingine. Mimi nilifungiwa mashine ambayo ukiondoa dumu lao inachanganya vibaya, na sikujua mpaka walipopandisha bei. Kwa hiyo bei: iandikwe haipandi kabla ya taarifa ya siku kadhaa mlizokubaliana, na ikipanda una ruhusa ya kutoka. Na waandike kwamba wakishindwa kuleta kwa siku tatu unanunua kwingine bila kuvunja mkataba. Mwenye mzigo wa uhakika hasumbuki na sentensi hiyo. Kwangu, mmoja aligoma kuiandika, nikamshukuru nikaondoka.

Na usimwache mtengenezaji mdogo kabisa. Muuzaji wa akiba ni muhimu kuliko unavyodhani. Yule wa dawa ya rimu alisemaje?

MULIZAJI

Huyo ndiye aliyenishangaza. Nilimwambia kisa cha kijana wako na vidole vyake, nikamwomba aandike vilivyomo. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema hajui. Dawa hiyo hachanganyi yeye, ananunua ikiwa kali kwenye mapipa ya bluu, anaongeza maji na rangi. Siri ya jikoni ilikuwa maji na rangi. Akanionyesha viganja vyake, ncha za vidole zimekauka na kupasuka, akasema alidhani ni sabuni.

Ile lita moja ameichukua mwenyewe, tukiwa tumevaa glavu wote wawili, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Ameondoka na karatasi ya usalama ya kampuni niliyomchapishia iwe mfano, anataka kumpelekea anayemuuzia mapipa na kumwambia alete kama hiyo. Shampuu yake ya kawaida nimempa nafasi ya akiba: madumu mawili kwa mwezi, na kila dumu liwe na namba. La kwanza limefika jana. Ameandika kwa mkono, "Bechi 1", na tarehe.